Sindano Tatu, Santuri Moja

Benchi la nje ya duka la kutengeneza saa lilikuwa na miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na aliyekalia upande wa matofali ndiye mwenye zamu ya kumimina kahawa. Siku hiyo mwenye duka, Dakika, hata kikombe hakukigusa. Alikuwa ameweka gramafoni ya umeme juu ya stuli, na mikononi ameshika santuri ya zamani, zile nzito zinazovunjika kama sahani. Ndani yake alikuwa akiimba marehemu baba yake, na nakala ilikuwa imebaki hiyo moja tu. Mama yake, ambaye masikio yake yalikuwa yanafifia mwezi hadi mwezi, alikuwa njiani kuja kumsikia mumewe angali anaweza. Sindano zilikuwepo tatu: nyembamba, ya kati na nene. Akikosea, anamkwangua baba. Fundi wa watu, mzoefu wa vyuma vidogo kuliko punje ya mchele, alizigeuzageuza sindano bila kuchagua.

— Sindano ni sindano, alisema Cherehani, fundi nguo wa jirani. Ngoja nikuletee namba kumi na nane, ile ya jinzi.

— Hapa hatushoni suruali, wewe!

— Sasa unaogopa nini?

— Nyembamba ni ya santuri za plastiki. Hapa itazama mpaka chini ya mfereji, ikwaruze tu. Nene ndiyo yenyewe, lakini inapita juu, na juu kumeshalika. Ya kati sijui itaangukia wapi. Mzee alikuwa anaipiga kila Jumapili.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba hiyo mifereji kwanza.

— Nikiziba, mzee ataimbia wapi?

Profesa akakohoa. Alikuwa karani mstaafu, na uprofesa wake wote ulikuwa kwenye miwani.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema. Funga sindano mbili pamoja. Moja isome maneno, nyingine isome ngoma.

— Toka hapa!

— Nakwambia! Ukiongeza ya tatu, unawapata mpaka waliokuwa wanapiga soga nje ya studio.

— Na mpika chai wao, akadakia Cherehani.

— Na mpika chai. Halafu ukiizungusha kinyumenyume, mzee mwenyewe anarudi.

— Anarudi wapi?

— Kwake! Kwa miguu! Mwambie mama yako aongeze maji kwenye mchuzi.

Dakika alicheka mpaka machozi yakamtoka, huku santuri ameikumbatia kifuani isije ikaanguka. Hapo ndipo mama yake alipotokea kwenye kona.

— Shikamoo mama! wakamwamkia wote watatu, wameshasimama.

— Marahaba wanangu. Mbona kimya? Au masikio yangu?

— Tunatafuta sindano isiyomuumiza baba, alisema Dakika kwa sauti ya juu.

Mama akaipokea santuri, akaigeuza.

— Ule ni upande wa baba yako. Na huu anaimba nani?

Profesa akavua miwani. Cherehani akaangalia viatu vyake. Dakika, mwenye miaka hamsini na miwili, aliyejua kila mkwaruzo wa upande wa baba, hakuwahi kuuliza. Karatasi yenye jina la mwimbaji wa upande huo mende walishaila siku nyingi.

— Baba yako alikuwa anajipigia wake tu, alisema mama. Huku niliimba mimi.

Dakika akabana lenzi jichoni. Mifereji ilikuwa inang'aa, haijaguswa na sindano yoyote. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Nisamehe, mama.

— Piga, mwanangu.

Akafunga ile nene bila kumuuliza mtu, akamsogezea mama kiti karibu na spika. Ukatoka mkwaruzo kidogo, kisha sauti ya msichana, kali, yenye maringo. Mama akatega sikio, akatabasamu, akaanza kuimba naye. Kahawa ilikuwa bado ipo, lakini hakuna aliyemimina.