Chupa Sita za Ikupa wa Njisi

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za kutwa, popote mnaponisikia. Mimi ni Jubilate. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Njisi, muuza vitenge wa mpakani, Ikupa. Wengi mlimwita Mama Anyitike. Alifariki Alhamisi iliyopita kwa presha. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Ikupa alizaa wana wawili. Wote wawili walizaliwa na ugonjwa wa damu kutoganda. Mimi na wewe tukijikata, damu hutoka kidogo, ikakoma. Kwao haikomi.

Wa kwanza, Hebroni, alianguka akajiuma ulimi. Alikuwa na miaka sita. Damu ilitoka siku nne, na siku ya nne akafa. Nilipomhoji Ikupa mwaka juzi, alipofika hapo aliniomba nizime mashine ya kurekodia. Nikaizima. Kisha akasema tuendelee na Anyitike.

Anyitike ndiye mdogo wake Hebroni. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, daktari wa hospitali moja ya misheni alimpima akautaja ugonjwa kwa jina. Akaeleza kwamba dawa ipo. Ni unga katika chupa ndogo, unachanganywa na maji na kuchomwa kwenye mshipa. Bei yake, hakuna mkulima wa kokoa wala muuza vitenge angeiweza. Shirika moja la hisani la ng'ambo likawa linailipia. Kwa miaka mitatu Ikupa alipata usingizi.

Machi 1995 ikaja barua. Wafadhili wamepungua, mradi unafungwa. Ndani ya friji ya hospitali zilibaki chupa sita. Chupa sita tu, wasikilizaji. Daktari akaziwekea jina la Anyitike.

Dada yake Ikupa, Tusajigwe, anasema tangu siku ile mdogo wake hakutulia. Mvua za Aprili zilifunika barabara. Ikupa akamkataza Anyitike, kijana wa miaka kumi na tisa, kushika jembe, kupanda baiskeli, hata kumenya muhogo.

Mei akaletwa hospitali Mwalimu Yakobo wa Makwale. Alikuwa ameng'olewa jino. Siku ya tatu damu bado ilimjaa mdomoni, na nguvu ya kuitema ilikuwa imekwisha. Kumbe naye alikuwa na ugonjwa uleule, na miaka yote hakujua. Daktari akamwita Ikupa. Hakumshauri lolote. Alimwonyesha mgonjwa tu.

Anyitike alikuwepo. Anakumbuka mama yake alimtazama yeye, kisha akautazama ule mdomo. Akauliza, asipopewa itakuwaje?

"Mpe," Ikupa alisema. "Damu ya mdomoni nimeshaiona."

Zilitumika zote sita. Mwalimu Yakobo akapona.

Siku kumi na moja baadaye, goti la Anyitike likavimba. Dawa hakuna. Kwa wiki tatu hakuweza kuguswa hata na shuka. Mama yake alimbadilishia vitambaa vya maji baridi, na kila kijana alipofumba macho alimwamsha, akihofu hataamka. Aliamka, wasikilizaji. Lakini goti lile halijanyooka mpaka leo.

Nilimwuliza Anyitike kama alimkasirikia mama yake.

"Nilimkasirikia mwaka mzima," alisema. "Alijua. Hakuniomba nisikasirike. Alinipikia, akakaa karibu."

Mwalimu Yakobo alipopata nguvu alikwenda Njisi. Alisema ndaga fijo, asante sana, akaanza kulia. Ikupa akamwambia aache kulia, ashike kalamu, kwa kuwa yeye Ikupa hajui kuandika barua za wazungu. Wakaanza kuliandikia shirika. Mwalimu aliandika. Ikupa alizunguka makanisani, msikitini, na kwa wauza vitenge wenzake wa pande zote mbili za mpaka. Mavuno yalipofika, watu walitoa mpunga wa kuuzwa kuchangia dawa, debe kwa debe. Barua ya nne ilieleza hayo yote. Shirika likakubali kurudi, lakini kwa ahadi ya mwaka mmoja mmoja.

Basi kila mwaka Ikupa alirudi kwenye hofu ileile. Mwaka huu barua ilitumwa Januari. Sasa ni Mei, na jibu halijafika. Tusajigwe alikuwa kando ya kitanda chake siku ya mwisho. Anasema mdogo wake hakuulizia mazishi wala shamba. Aliuliza, "Wamejibu?" Tusajigwe hakuweza kumdanganya.

Kwako Anyitike, kwako Mama Tusajigwe, na kwa ukoo mzima pale Njisi, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nawe Mwalimu Yakobo, pole.

Wasikilizaji wapendwa, wanaoitegemea dawa hiyo sasa ni watu kumi na mmoja. Aliye mdogo kuliko wote yuko Bujonde. Ana miezi kumi, na wazazi wake wanatusikiliza. Wameniambia kwamba wiki hii ameanza kusimama kwa kushika kiti, na wao wanakaa chini pembeni yake, mikono wazi. Usiku huu, tuwafikirie.