Kamba ya Nywele

Benchi la Mama Tepaeru, pale kijijini Areora, lilitokana na ubavu wa mtumbwi uliochoka na bahari, na tangu lipandishwe huku juu ya kisiwa halijapata kupumzika, maana kila alasiri linabeba wanaume wa kisiwa hicho cha Atiu pamoja na uongo wao. Nyuma yake kuna kibanda cha kukaangia kahawa, mbele yake barabara, na ng'ambo ya barabara ardhi inateremka taratibu kwenye mashamba ya taro, magimbi ya huko, mpaka baharini, upande linakozama jua. Siku hiyo ya Juni, saa kumi tu, jua lilikuwa limeshaanza kulegea. Wenye benchi walikuwa watatu. Kulikuwa na Rubani, ambaye hajarusha hata tiara maishani mwake, ila ujanani alipakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Rarotonga, kisiwa kikuu cha huko, na tangu hapo mambo yote ya angani ni yake. Kulikuwa na Shemasi, ambaye ni shemasi kweli. Na kulikuwa na Paiere, ambaye watu wanamwita Kopeka, kwa jina la yule ndege wa mapangoni asiyetua popote isipokuwa kwake, kwa kuwa mzee huyu hajalala hata usiku mmoja nje ya kisiwa.

Kopeka alikuwa anamsubiri dada yake. Jina lake Tuaine, na kwa lugha ya pale neno hilo maana yake ni dada wa mwanamume, kwa hiyo kila akimwita ni kama anamkumbusha kazi yake. Tuaine alikuwa amekaa ng'ambo, Auckland, karibu mwaka mzima akitibiwa. Juzi mpwa wao wa hukohuko alipiga simu akasema, “Papa, nywele zimekwisha zote. Usishtuke.” Tangu aambiwe asishtuke, Kopeka alikuwa anashtuka kila akishika kikombe. Mpwa mwingine, wa hapa kisiwani, alikwenda uwanjani na pikapu. Kopeka alikataa kwenda, akasema mgongo unamuuma. Mgongo wake haukuwa na tatizo lolote.

— Ndege imechelewa, akasema Rubani, akitazama juu kama mwenye ndege.

— Ikichelewa zaidi? akauliza Kopeka.

— Ikichelewa zaidi inageuza. Uwanja wetu hauna taa. Jua likizama, rubani anawaambia abiria samahani, tunarudi Rarotonga.

— Halafu?

— Halafu mpaka safari nyingine.

Moyo wa Kopeka ulikuwa umegawanyika, na aliuonea aibu. Nusu ilitaka jua lisimame, Tuaine ashuke leo hii. Nusu nyingine ilisema heri lizame, heri apate siku chache zaidi za kujifunza namna ya kumtazama.

— Basi leo tunamhitaji Maui, akasema Shemasi, akimtaja yule shujaa wa hadithi za kale aliyelitega jua kwa kamba lisiende mbio. Alifunge jua tena.

— Maui hakulifunga jua, akasema Rubani. Maui alilipima.

— Haya, ameanza.

— Sikilizeni nyie. Desemba jua linatokea kusini kule. Halafu linasogea, linasogea, mpaka mwezi huu linafika mwisho wa njia yake upande wa kaskazini. Likifika, linaganda. Leo linatoka nyuma ya mnazi wa kina Teata, kesho mnazi uleule, keshokutwa uleule. Mtu ukiliangalia unasema hili limefungwa. Maui aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Ile kamba ni alama aliyoiweka, kutoka jiweni mpaka mnazini, akajua hapa ndipo jua linaposhikika.

— Hiyo kamba, akasema Mama Tepaeru kutoka kibandani.

— Ndiyo, kamba.

— Nasema unatupiga kamba, Rubani.

Shemasi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali ya kanisani. Kisha akaweka kikombe chini, akajifuta, akachukua sura yake ya mimbarini.

— Mimi nitawaambia ukweli, na upo kwenye Biblia. Yoshua aliposimamisha jua huko kwao, ilikuwa mchana, si ndiyo?

— Ndiyo.

— Na kwao kukiwa mchana, kwetu kunakuwa nini?

— Usiku, akasema Rubani kwa shingo upande.

— Ahaa! Kwa hiyo babu zetu walilala, wakaamka, bado giza. Wakalala tena, giza. Taro imeiva, giza. Watoto wanalia, giza. Maui akasema, jamani, huyu aliyetushikia jua ni nani? Akabeba kamba, akaenda kulivuta lirudi kwetu. Yoshua anavuta kule, Maui anavuta huku!

— Nani alishinda?

— Si unaliona lile pale?

Wote wakalitazama. Jua lilikuwa limeteremka kwenye mawingu ya chini, na mwanga wake umechujika ukawa mistari mirefu inayogusa bahari. Kule kwao mistari ile inaitwa kamba za Maui, na hata asiyemjua Maui vizuri anaiita hivyo. Hewa ilinukia kahawa iliyokaangwa na tui la nazi, na kuku wa Mama Tepaeru alikuwa anapita katikati ya miguu yao bila haraka yoyote. Kopeka alijiona kama mtu aliyekaa ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Mama Tepaeru akatoka na birika, akawamiminia.

— Ninyi mnazungumza kamba, kamba, akasema. Kamba ya nini? Zile za makumbi ya nazi zilikatika zote. Jua lilizikata kama uzi. Iliyolishika ni moja tu, ya nywele za dada yake Maui. Nywele za Inaika.

Kikombe cha Kopeka kikasimama njiani.

— Mie naona ni nyota yenye mkia, akaendelea Mama. Nywele zimetupwa angani zikabaki zinaelea. Kila baada ya miaka mingi zinapita tena, zinatafuta kichwa chake.

— Hapana, akasema Shemasi, na sauti ya mimbarini ilikuwa imemtoka. Mimi niliziona. Nilikuwa mdogo. Jua lilipatwa mchana, kukaingia giza, kuku wakapanda kulala. Lile jua likawa jeusi kama sufuria, na pembeni yake zikatoka nywele, nyeupe, ndefu, zimetulia kimya. Bibi akanishika bega akasema, tazama, zile za Inaika, bado zimelifunga.

Rubani alikuna kidevu.

— Basi ngojeni, akasema. Inaika ni nani? Si ndiye Ina? Na Ina anakaa wapi?

— Mwezini.

— Mwezi unavuta nini?

— Bahari.

— Sasa! Bahari ikivutwa inajikokota juu ya dunia, inaishika, na dunia inapunguza mwendo. Zamani ilizunguka mbio mno. Mchana ulikuwa mfupi, mtu akiwasha tanuri la taro, giza hilo. Kila wimbi linalopiga mwambani linaifunga breki. Siku zinarefuka.

— Kwa hiyo leo ni ndefu kuliko jana?

— Ni ndefu.

— Kwa kiasi gani?

Rubani akafikiri.

— Kiasi cha unywele.

Wakacheka, lakini Kopeka hakucheka. Neno wimbi lilikuwa limeshamchukua. Alijiona yuko juu ya mwamba wa pwani, mtoto wa miaka michache, na Tuaine mbele yake anaokota konokono wa baharini, nywele zake zimefika magotini, zinanukia mafuta ya nazi na maua ya tiare. Wimbi lilikuja bila kuaga. Maji yalipoanza kurudi yakiwa na Tuaine ndani yake, Kopeka alirusha mkono akashika nywele, akazizungusha kwenye kiganja, akavuta, akavuta mpaka dada yake akatoka akilia na kumtukana. Maisha yake yote alijua kitu kimoja kwa hakika, kwamba dada yake hawezi kupotea, kwa sababu anashikika. Sasa wimbi lingine lilikuwa limekuja, kubwa kuliko lile, na anaambiwa hakuna cha kushika.

— Nipeni hicho kiasi cha unywele, akasema ghafla. Leo tu.

Mama Tepaeru alimwongezea kahawa ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Ndipo wakaisikia. Kwanza kama nyuki, kisha kama mashine ya kusaga. Rubani alisimama juu ya benchi. Ndege ndogo ilipita katikati ya zile kamba za mwanga, ikang'aa, ikazama nyuma ya minazi ya uwanjani.

— Imetua! Jua bado lipo na imetua!

— Haya sikilizeni, akasema Shemasi haraka. Akifika, mtu asimwangalie kichwani.

— Nimwangalie wapi? akauliza Rubani.

— Miguuni.

— Mwanamke ametoka hospitali, mimi namkodolea miguu? Atasema nimeingiwa na nini?

— Basi angalia mbele. Na mambo ya nywele yaishe. Tuongelee taro.

Pikapu ilikuja polepole. Tuaine alishuka kabla mpwa hajamfungulia mlango. Alikuwa amepungua, na shingoni amejaa mashada ya maua aliyovishwa uwanjani, na kichwani kofia nyeupe ya makuti machanga, ile ya kwendea kanisani. Aliwabusu mashavuni mmoja mmoja. Kopeka alimkumbatia kama mtu anayebeba mayai. Kisha Tuaine akakaa katikati ya benchi, akashusha pumzi.

— Kia orana, wazee wangu. Mlikuwa mnabishana nini? Nimewasikia tangu kule kona.

— Taro, akasema Shemasi.

— Taro ina nini?

— Iko… ipo nyingi mwaka huu, akasema Rubani, akitazama mbele kabisa.

— Mama Tepaeru, hawa watu wana nini?

Mama Tepaeru hajui kuficha.

— Wanabishana kuhusu Maui na jua. Wameshamfanya mpima ardhi, wamempiganisha na Yoshua, wameifunga dunia breki. Na ile kamba ya nywele za dada yake, mmoja anasema ni mwezi, mwingine anasema ni jua lililopatwa.

Tuaine alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alitazama bahari, ambako zile kamba zilikuwa zimeanza kufifia.

— Na nywele zenyewe, akauliza, ziliota tena?

Watu hawa walikuwa na jibu la kila kitu tangu nyota mpaka mawimbi, na hadithi ile waliisikia kabla hawajaota meno, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumfuata Inaika nyumbani siku ile ilipokwisha kazi. Mama Tepaeru aliinua birika kuwamiminia, likatoa matone mawili ya tope.

— Kahawa imekwisha, akasema kwa sauti ndogo.

Tuaine akavua kofia, akaiweka mapajani. Kichwa chake kilikuwa kitupu na kizuri, kama cha mtoto mchanga, na upepo wa jioni ulikigusa. Hakuna aliyetazama miguu.

— Madaktari wanasema tusubiri, akasema. Basi nimekuja kusubiria hapa.

Kopeka alijaribu kusema karibu nyumbani, na likatoka jingine.

— Nitakushika wapi sasa, Tuaine?

Dada yake akamgeukia. Alielewa papo hapo, maana wimbi lile lilikuwa la wote wawili. Akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mabega yote yakatikisika.

— Mjinga wewe! Mkono si huu hapa? Na siku ile pia ulikuwepo, nimekunyooshea, wewe mwenyewe ukakimbilia nywele! Mpaka leo kichwa kinaniuma pale ulipovuta.

Akamnyooshea tena. Kopeka akautazama mkono ule, mwembamba, wenye alama za sindano, kisha akaushika kwa mikono yake yote miwili. Wakaondoka hivyo hivyo kwa miguu kuelekea nyumbani, pikapu ikiwafuata nyuma taratibu, na jua lilipozama Kopeka hakuligeukia.