Fatna Abdelkarim, Sauti ya Vikaragosi wa Kivulini

Leo, Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025, Bi Fatna Abdelkarim anastaafu baada ya kuutumikia Ukumbi wa Kivulini, hapa Kibera, kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kukata tiketi, akawa mfagizi, na hatimaye mtafsiri wa filamu, yule ambaye mtaani tunamwita DJ. Anatuachia pengo kubwa, na rekodi ya kupiga chenga vikao vya ofisi ambayo mimi ninayeandika sitaifikia kamwe.

Filamu nyingi zimepita kinywani mwake, za ngumi na za mapenzi, lakini jina lake limeshikana na moja: ile picha ya zamani ya vikaragosi wanaojenga daraja huku wakiimba, ili familia nzima ivuke kwenda harusini. Mwaka mmoja paa lilivuja juu ya kanda. Picha ilipona, sauti ikafa. Sisi wengine tungeitupa. Fatna alishika maikrofoni akaimba sehemu zote mwenyewe, kuanzia babu hadi mbuzi, na watoto hawakutaka tena nyingine.

Desturi yetu ilizaliwa mwaka aliofariki jirani yetu Simeon, fundi wa viatu. Fatna alimpa kikaragosi mmoja jina la marehemu, kwa mapenzi tu. Mjane wake, Wamucii, muuza mitumba wa Soko la Toi, alikuwa kwenye benchi. "Nimemwona akifunga kamba na mkono wa kushoto," alisema, "vile tu Simeon alikuwa anafunga." Asubuhi yake tuliirudia picha. Kikaragosi yule anafunga kwa mkono wa kulia.

Tangu hapo, kila Desemba waliofiwa huja kusikia watu wao wakitajwa na kuimbiwa hadi ng'ambo ya daraja. Ndiyo maana picha ya watoto hujaza watu wazima mpaka mlangoni, na ndiyo maana haizeeki. Sharti ni moja: jina likishatolewa halirudishwi, kwa hiyo kikaragosi hapewi jina la aliye hai. Niliwahi kumuuliza Fatna alijuaje kikohozi cha mzee ambaye hakuwahi kukutana naye. "Si mimi," alinijibu, kwa utulivu zaidi kuliko nilivyopenda. "Mdomo wa kikaragosi unafunguka, mimi nafuata." Sikuuliza tena. Mimi ni mtu wa ofisi, na ninalala peke yangu.

Sasa niseme la mwezi uliopita, maana limezungushwa Kibera nzima kwa chumvi nyingi. Shivachi, baba wa watoto watatu na mrithi wa Fatna, alikuwa akijaribiwa kwenye tawi letu la Kawangware. Kwa kutaka kumheshimu mwalimu wake, alipotokea kikaragosi wa kofia ya manjano, yule anayetangulia darajani, alipaza sauti: "Wasee, huyu leo ni Mama Fatna wetu! Mpigieni makofi!" Hakuna aliyepiga. Mtoto mmoja alianza kulia, na akina mama wakasimama wakijifunga leso.

Kesho yake walimiminika nyumbani kwa Fatna na sukari na unga, kama watu wanaokwenda matangani. Aliwafungulia mlango mwenyewe, akawapikia chai kwa sukari yao. Tulicheka sana, lakini yeye alimimina chai bila kututazama. Alikuwa anaogopa kufa, na sisi tulimwogopea. Shivachi alipokuja kuomba msamaha, hata kukaa alishindwa. "Wewe tulia," Fatna alimwambia. "Jina limeshatoka. Tutaona litachukua nini."

Juzi Alhamisi mchana tulifanya mazoezi ya onyesho la leo. Fatna aliimba vizuri, kwa mbwembwe zake zote, mpaka kofia ya manjano ilipotokea. Hapo aliiweka maikrofoni sakafuni akafumba mdomo. Wimbo uliendelea. Ilikuwa sauti yake, ile yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, ikitoka kwenye spika huku yeye ameketi kando yangu, midomo imebana, machozi yanamtoka. Shivachi alichomoa waya wa maikrofoni. Wimbo haukukatika hadi kikaragosi alipofika ng'ambo.

Fatna alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinishika mkono, akafungua mdomo kuniambia jambo, na hapakutoka kitu. Akajaribu tena. Halafu akajipapasa kifua, akausikiliza moyo wake ukidunda, na akacheka bila sauti, kicheko cha kweli, mabega yakiruka. Jina lilikuwa limeshachukua.

Daktari amelichunguza koo lake na hakuona kasoro yoyote. Ndiyo maana, wageni wetu wapendwa, ratiba ya leo haina hotuba ya mstaafu, na ndiyo maana mtamsikia akiimba ilhali ameketi nanyi benchi la mbele. Tafadhali msipige mayowe. Kuna watoto.

Mama Fatna, kwa niaba ya wenzako wote wa Kibera na Kawangware, asante kwa kutuvushia watu wetu. Nenda ukapumzike, ukalee wajukuu, ukanywe chai iliyopikwa na wengine. Wastaafu wengine huwa tunawaombea mema kwa mazoea. Wewe tunakuombea kwa moyo wote: uishi, Mama, na uishi sana. Ukituitikia kwa kichwa tu, inatutosha.