Ya Kumwambia Mutanu Kabla Hajapanda Meli

Mheshimiwa wa wodi, wewe uliyechelewa lakini umefika, Chifu wetu, Mchungaji Musyimi na wazee wa kanisa, akina mama wa chama mliopika tangu alfajiri, jamaa mliotoka Nunguni na Mukuyuni, na nyinyi wengine mliosikia kuna nyama mkaja bila kuitwa: nawasalimu nyote. Kaeni. Mwenye simu ainyamazishe.

Mimi ni Syokau, susu yake Mutanu, mama ya babake. Nilisoma mpaka darasa la tatu, la nne nililiona kwa dirisha. Nimeambiwa niongee dakika tano, nimbariki mtoto, tule, na kesho apande basi la Mombasa aingie kwa meli ya mizigo miezi tisa. Dakika tano! Mimi nilimlea huyu, na nyinyi mnanipimia maneno kama sukari ya dukani? Na baraka bado sijatoa. Msianze kufunua sufuria.

Wengi wamesimama hapa wakasema Mutanu ni nyota, ni msichana wa kwanza wa Kalamba kuwa baharia, ataona dunia. Ni kweli, na mimi najivuna kuliko nyinyi nyote. Lakini mbona hakuna hata mmoja aliyesema anaogopa? Mimi naogopa. Tangu ile barua ya kazi ije, redio siizimi. Meli yake itapita Bahari Nyekundu, na niliyoijua mimi ni ile ya Musa, watu wakapita pakavu. Sasa redio inasema meli zinapigwa makombora huko huko. Na hata hilo kombora silo linaloniamsha usiku.

Mutanu ameniambia jinsi meli yake itakavyokuwa. Nahodha ni Mgiriki. Fundi wa injini ni Mrusi. Mpishi ni Mhindi. Na serahangi, yule mnyapara anayegawa kazi za juu ya meli, ni Mfilipino. Kila mtu na Kiingereza chake, kimekatwakatwa kama sukuma wiki. Kwa hivyo mtoto alinunua daftari, na hapa lazima nimsifu. Tukichambua mbaazi alikuwa ananifundisha: simama kwa Kifilipino ni hinto, kwa Kirusi ni stoi, kwa Kihindi ni ruko. Siku hizi mbuzi akielekea kwa kunde zangu namwambia stoi, na anasimama, kuliko wajukuu wengine ninaowaona hapa wakicheka.

Nilimwambia, mama, usianze na habari ya asubuhi. Habari ya asubuhi haijaokoa mtu. Jifunze simama, jifunze kimbia, jifunze moto, jifunze usiguse. Amejifunza. Hata Kiswahili cha ndani cha watu wa pwani amejifunza kwa wenzake chuoni, maana humo melini kuna Walamu na Wangazija, na hiki chetu cha Makueni watakicheka. Wakicheka, cheka nao, haiumi.

Lakini kuna neno moja ambalo sijawahi kumsikia akilisema kwa lugha yoyote.

Wengi mnamkumbuka babake, mwanangu Kisilu. Mlikuja kumzika, miaka kumi na miwili iliyopita, na hamkuuliza alikufaje, mlisema tu "bahari." Bahari haikumwua. Hata maji hayakumgusa.

Habari tuliletewa na baharia mwenzake, mzee mmoja wa Faza, huko Lamu. Alitoka mbali, akaketi nyumbani kwangu, akatueleza kila kitu kwa Kiswahili chao, kitamu, kirefu, kinapanda na kushuka kama maombi. Mimi na Kanyiva, mke wa Kisilu, tukaitikia: ndio baba, ndio baba. Akauliza, "Mmenifahamu, mama?" Tukasema tumefahamu. Akanywa chai, akatupa pole, akaenda zake. Alipofika barabarani tukatazamana. Kanyiva akaniuliza, "Mama, amesema nini?" Nikasema, "Nilidhani wewe umeelewa."

Mnacheka? Chekeni. Ilikuwa habari ya kifo cha mtoto wangu, na nilimwacha mtu aende nayo kwa sababu nilikuwa na haya ya kuuliza.

Tulimpigia simu baadaye. Akaongea polepole, kama kwa mtoto. Meli ilikuwa imebeba magogo mabichi, na magogo yakifungiwa tumboni mwa meli yanakula hewa yote, panabaki shimo lisilo na pumzi. Afisa wa nchi nyingine alimwambia Kisilu, kwa hicho Kiingereza chao, asishuke mpaka hewa ipimwe. Kisilu akajibu, "Yes, sir." Kisha akashuka. Mzee wa Faza aliniambia hivi: "Mama, mwanao alikuwa na adabu sana. Kila kitu alikuwa akisema ndiyo."

Hiyo adabu ni nani alimpa? Ni mimi. Hapa kwetu mtoto akitumwa haulizi mara mbili. Akiuliza anaitwa kichwa maji. Nyinyi walimu, si mnafanya hivyo hivyo? Mnauliza darasa zima, "Tumeelewana?" na darasa zima linaimba ndiooo, mnafurahi, mnafuta ubao.

Mutanu, simama. Simama nikuone. Na nyinyi shikeni hii maikrofoni, muiondoe hapa kwa mdomo wangu.

Haya, rudisheni. Mutanu, umeelewa kile nimekutuma sasa hivi?

Mmemsikia? Amesema, "Ndio, susu."

Sijamtuma kitu! Nimenung'unika tu ndani ya leso kama mtu anayetafuna mahindi ya muthokoi. Na amesema ndio. Kesho anapanda basi, watu wangu, na amesema ndio.

Nyamazeni. Msimcheke, machozi yananitoka mimi.

Nitasema jambo ambalo hata Kanyiva halijui. Siku ile ya mzee wa Faza, kulikuwa na mtu mmoja nyumbani aliyekuwa na akili. Mutanu. Alikuwa na miaka kumi na moja, ameketi karibu nami, na mzee alipouliza kama tumefahamu, mtoto akafungua mdomo: "Mimi sijae..." Nikamfinya. Hapa, chini ya mkono, kwa kucha, mbele ya mgeni. Akanyamaza. Na hajauliza tena mpaka leo. Amepita shule, amepita chuo, na alama nzuri, akisema ndio.

Basi leo nakiondoa kile kidole. Mutanu, sema: sijaelewa, rudia.

Hiyo ni sauti ya kuombea chakula. Injini haina masikio. Tena.

Kwa Kiingereza. Kwa ile ya serahangi. Kwa Kirusi. Kama hujui ya Kirusi, daftari lako lina kasoro na utaijaza ndani ya basi.

Sasa nitazame machoni, useme kwangu mimi niliyekufinya.

Nimekusikia. Hata wapishi wamesikia. Na afisa akikukasirikia, akuite mjinga wa Ukambani, mwache akuite. Simama hapo hapo, usiweke mguu kwa ngazi, mpaka arudie na wewe umwambie kwa maneno yako alichosema. Mjinga atarudi nyumbani kwa basi. Mwenye adabu tulimpokea ndani ya sanduku.

Bado naogopa, siwezi kudanganya mbele ya Mchungaji. Nitaogopa miezi tisa. Lakini sitamzuia, maana nikimzuia nitakuwa nimemfinya mara ya pili. Njoo, mama. Lete mikono. Mchungaji, geuka kidogo ukipenda, mimi nabariki kwa mate kama mamangu alivyonibariki.

Enda. Uliza. Urudi.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Kuleni sasa. Makofi msipige, ngojeni arudi.