Cornelius Osundwa Shikanga: Alimwomba Padre Mara Tatu

Wengi wenu mlimjua kama Mzee Fabiano. Leo tunamzika Cornelius Osundwa Shikanga, na mimi ninayewasomea ni Maurine, mtoto wake. Mtoto wake wa pekee. Nalisema mapema kwa sababu najua wapo waliotoka mbali wakitarajia kuwaona wale kumi na wawili.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 16 Septemba 1961, katika boma hili hili karibu na Iguhu. Alikuwa wa tatu kati ya watoto tisa wa hayati Mzee Lucas Shikanga na hayati Mama Roselida. Padre aliyembatiza alifungua kalenda, akaona ni siku ya Mtakatifu Kornelio, maneno yakaishia hapo. Walilala wanne kitanda kimoja na kula obusuma, ugali wetu, kutoka sahani moja kubwa. Alituambia kwamba aliyetafuna polepole alilala njaa, ndiyo maana hadi uzeeni alikula kama mtu anayekimbizwa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea mpaka kidato cha pili mwaka 1976, baba yake alipofariki na masomo yakakoma. Shuleni alikuwa na kipaji cha kuwaigiza walimu. Aliwaigiza wote, na akachapwa na yule aliyemwigiza vizuri kuliko wengine.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Mukumu. Alipika pale miaka thelathini na mitatu. Wasichana waliosoma pale watakumbuka jinsi alivyowahesabu kwa mwiko wakipita na sahani, na jinsi alivyojifanya kusahau hesabu ili mwenye njaa apite mara ya pili. Alistaafu Novemba 2016, akarudi kulima mahindi na kukaa karibu na mama yangu kupita kiasi, kama mama mwenyewe alivyosema.

Alifunga ndoa takatifu na Awinja tarehe 17 Desemba 1988. Walikaa miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa katika boma la watu waliozaliwa tisa ni mirefu, na maneno hayakukosekana. Nilipozaliwa mwaka 1997 alizunguka jikoni kule shuleni akimwambia kila mtu, na siku hiyo ugali uliungua. Hakupata mwingine. Hakuwahi kunionyesha kwamba nilikuwa mchache.

Sasa nifike kwenye hicho kipindi cha Fabiano. Mwaka 2021 Mark, kijana wa hapa Kakamega anayetengeneza vichekesho vya mtandaoni, alimtafuta kwa sababu aliwahi kusikia habari za ule mwiko. Wakaanzisha "Boma la Mzee Fabiano": baba Mkatoliki, mke mkali, watoto kumi na wawili wenye majina ya mitume. Mimi nilishika kamera. Ikifika saa ya kula Fabiano aliwahesabu kwa mwiko, na hesabu haikutimia hata siku moja. Kila akibanwa, iwe ni ripoti mbaya ya shule, iwe ni mke anataka ang'oe magugu, alijitupa kitini, akashika kifua na kusema: "Niitieni padre." Watoto walikimbia kumwita, padre wa kuigiza akaja mbio na mafuta ya kumpaka anayekufa, na Fabiano akapona ghafla alipoona ingokho, kuku wetu, imeiva.

Watu walikipenda. Nilikuwa nikimsomea maoni yao jioni, yeye amekaa hapo nje na miguu kwenye beseni. Mmoja aliandika: "Leo nimehesabu kumi na moja. Yuda ameenda wapi tena?" Mama mmoja aliandika kwamba kwao walizaliwa kumi na wanne, wamebaki watatu, na kila Jumapili anatazama ili asikie tena kelele za nyumbani. Hilo baba aliniomba nilisome mara mbili. Wengine walimkemea kwamba anawaaibisha Wakatoliki. Sokoni waliacha kumwita Cornelius. Kanisani akipiga goti, watoto waliziba midomo.

Mama hakucheka. Alimwambia, "Baba Maurine, hiyo ya padre iache. Sakramenti si kitu cha kuchezea."

Baba akamjibu, "Mungu naye anaangalianga, Awinja. Akichoka ataniambia."

Mwaka jana mwezi wa Oktoba miguu ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alitueleza wazi kwamba moyo umechoka, akampa dawa, akamwambia apumzike. Alikunywa dawa. Kupumzika alikataa, na mimi sikumlazimisha, kwa sababu watazamaji walikuwa wanauliza Fabiano yuko wapi. Vipindi vya mwisho aliviigiza akiwa amekaa. Waliandika kwamba amezidi kuwa hodari, hata kuhema anahema kama mgonjwa wa kweli.

Baba mdogo Osiako, anayesimamia mazishi haya, alitaka hapa niandike "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nimekataa. Baba yangu alikufa hivi.

Jumatano, tarehe 11 Machi 2026, mama alikuwa ameenda kusali na jumuiya. Saa nne asubuhi baba alikuwa kwenye kiti chake sebuleni. Akasema, "Maurine, niitie padre." Nikacheka. Nilicheka kwa sababu nimelisikia neno hilo miaka mitano na halijawahi kuwa kitu kingine.

Akaniangalia, akasema, "Niitie padre, mama." Alikuwa ananiita mama akiwa ananibembeleza. Nikatoa simu. Nikamwambia, "Ngoja, baba. Sema tena, hapo mwanga ni mzuri."

Akasema tena. Hiyo ya tatu ndiyo mliyoiona. Niliipandisha mtandaoni papo hapo, nikaenda jikoni kukoroga uji huku nasoma majibu yenu. "Ameanza." "Huyu hafi leo, kuna kuku anamngoja." "Mapadre wamechoka na wewe, mzee." Vikaragosi vya kucheka, mamia kwa mamia, na mimi nacheka nao mbele ya sufuria.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Mwanasha wa Ekero, Mwislamu, aliyemuuguza mumewe kwa maradhi hayo hayo, aliandika: "Binti yangu, huyu baba haigizi. Mtazame miguu na midomo. Mpeleke hospitali, na huyo padre anayemtaka mwitie." Nilimjibu. Nilimwandikia, "Tulia mama, ni kazi tu." Majibu yangu yakapendwa na watu wengi.

Nilipoleta uji alikuwa ameshakwenda. Rozari ilikuwa mkononi, amefika katikati.

Padre alikuja kwa pikipiki. Tangu nilipopiga simu mpaka aliposhuka mlangoni, zilipita dakika ishirini. Baba alikaa na mimi karibu saa nzima akimngoja mtu wa dakika ishirini. Padre alimsalia, akatufariji, akasema huruma ya Mungu haifungwi na mafuta. Mama alimshukuru. Kisha akaniuliza, "Hakuomba padre?" Nikamwambia aliomba. Tangu siku hiyo mama ananipikia, ananitandikia, lakini bado hajaniambia neno lingine, na sina la kumlaumu.

Tulipotangaza kifo, mlicheka pia. Mpaka naandika haya, chini ya tangazo mnauliza ni lini ataamka. Mark ameniomba niifute ile video. Nimeshindwa, kwa sababu ndiyo sauti yake ya mwisho, na kila nikiifungua nakuta wageni wapya wanacheka. Siwalaumu. Mlicheka mlipofundishwa kucheka, na aliyewafundisha ni mimi na yeye. Lakini ninyi mlikuwa mbali. Mimi nilikuwa naye chumba kimoja.

Kwa hiyo nawaomba. Mliokuja na simu mkaziinua mkingoja aketi kwenye jeneza, ziteremsheni. Hataketi. Mama Mwanasha yuko nasi, amekuja toka Ekero asubuhi, na mbele yenu nyote namwomba msamaha. Wa baba sijui nimwombe nani.

Marehemu ameacha mjane wake, Awinja. Ndugu wanne kati ya wale tisa, wakiongozwa na Osiako. Na mtoto mmoja, Maurine. Safari hii hesabu imetimia.

Baba, padre amekuja. Amesimama hapa kando yako, na mafuta anayo. Samahani tumechelewa. Pumzika kwa amani.