Ghazal binti Salim na Machozi ya Mungu

Ndugu, majirani, na nyote mliosimama nasi kwenye baridi hii ya makaburi ya Rosh HaAyin, familia imenituma mimi Zihra, mtoto wa pili wa marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu, Ghazal binti Salim, mjane wa marehemu Hayim Nadaf.

Mama alizaliwa Sana'a, nchini Yemeni, katika mtaa wa Wayahudi, wiki mbili kabla ya Pasaka ya mwaka 1932, akiwa mtoto pekee wa mori, yaani mwalimu wa dini, Salim Tabib, mfua fedha aliyefundisha watoto wa kiume, na mkewe Rumya. Siku hizo Wayahudi wa Sana'a walikuwa wamegawanyika kwa ajili ya Mungu, hata jamaa wa upande huu hawakula nyama iliyochinjwa na wa upande ule. Babu alikuwa wa wale waliosema Mungu hana mwili, hagawanyiki, hahuzuniki kama sisi, na kwamba vitabu vya siri vinavyomweleza kwa mianga yake ni mambo yaliyozuka baadaye. Bibi alitoka nyumba iliyovishika vitabu hivyo, ikifundisha kwamba nyumba ya Mungu ilipochomwa Yerusalemu na watu wakachukuliwa mateka, Uwepo wake ulitoka pamoja nao, ukitembea peku na kulia njiani, na kwamba unalia hadi leo.

Mama alitusimulia mara nyingi siku alipomuuliza baba yake kama ni kweli Mungu analia.

"Nani kakwambia?"

"Mama."

"Mungu hana macho, Ghazal. Atalia na nini?"

Bibi akajibu kutoka kwenye tanuri la mkate, bila hata kugeuka, "Na masikio je, anayo? Maana nakuona unamwomba kila asubuhi."

Bibi Rumya alifariki kwa homa ya matumbo mwezi Agosti 1941. Babu alikaa matanga, na mama, mtoto wa miaka tisa, alingoja aambiwe kwamba mbinguni yuko anayelia pamoja naye, wala hakuambiwa, na maneno ambayo bibi alikuwa akiuombea Uwepo ule babu aliyapiga marufuku nyumbani.

Shule hakwenda, kwa kuwa wasichana hawakufundishwa kusoma, ila alivuta mivukuto ya baba yake huku akisikiliza wavulana wakikariri, akahifadhi kuliko wengi wao.

Mwezi Novemba 1949 mama na babu waliletwa kwa ndege hapa Israeli, wakakaa kwenye mahema, hapa hapa Rosh HaAyin, mama akapata kazi ya kufungasha machungwa, na kuanzia 1958 akawa mpishi wa chekechea hadi alipostaafu 1992. Kwenye machungwa ndipo alipokutana na Hayim Nadaf, kijana wa nyumba za upande wa bibi, na babu aliposikia alisema, "Babu yake huyo ndiye aliyetufungia mlango wa sinagogi." Mama akamjibu, "Babu yake, baba. Yeye kanifungulia tu masanduku." Walioana tarehe 18 Machi 1952, babu akahudhuria, akala mkate na mayai, nyama hakuigusa.

Walijaliwa watoto watatu, Tsadok, mimi, na mdogo wangu Naomi. Kaka yetu Tsadok aliuawa vitani Sinai mwezi Oktoba 1973, akiwa na miaka ishirini.

Tulipokaa chini siku za msiba, babu alikuja na fimbo yake, mzee sana, akaketi sakafuni mkabala na mama, na mama akamuuliza mbele ya watu, "Baba, leo niambie. Analia, au halii?"

Babu akasema, "Siwezi kukwambia nisichokiamini, mwanangu, hata leo. Lakini yale maneno ya mama yako niliyoyakataza, bado unayo?"

"Ninayo."

"Yaseme. Mimi nipo."

Mama akayasema yote, kwa sauti ya bibi, na babu hakuitikia amina, ila hakuondoka.

Mwaka uliofuata mama alijiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, akajifunza kusoma, na Torati akaisoma mwenyewe, akakuta Mungu anayetembea bustanini jua likipoa, anayenusa moshi wa sadaka, anayejuta. Mwalimu wake aliwaeleza jinsi wazee wa kale walivyomjua kwanza kama Mungu wao kati ya miungu ya wengine, manabii wakaja wakasema hakuna mwingine, wasomi wa karne za baadaye wakamvua mikono na pua, na waliofukuzwa makwao wakamrudishia machozi. Sabato iliyofuata alikwenda kwa babu na habari hizo.

"Baba, wewe na mama mlikuwa mnagombana kwa mambo ya juzi. Wa mwanzo kabisa alikuwa anatembea."

"Kwa miguu gani?"

"Sikiliza basi, nikusomee."

Tangu siku hiyo alimsomea kila Sabato alasiri, wakibishana kwa furaha, hadi babu alipofariki mwezi Juni 1979. Baba yetu alifuata mwaka 2003, na mama akatuambia kwamba sasa anawajua Miungu wote wa baba zake, na hana tena mtu wa kubishana naye.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2012, akalazwa mara kadhaa, na wiki iliyopita mwanangu Yael akamuuliza kando ya kitanda, "Bibi, kati ya hao wote, wewe unamwamini yupi?" Mama akasema, "Yule ambaye hajafika. Nimezoea kumngoja." Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Februari 2015, mkono wake ukiwa mkononi mwa Naomi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufua, wapishi wenzake wa chekechea, na mwalimu wake wa jioni, aliyekuja leo kwa kiti cha magurudumu.

Lala salama, mama yetu. Ukimkuta mwenyewe, muulize kama analia.