Kitambi cha Fundi Plasta

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Anayepiga pasi aiweke kando, asije akaunguza shati kisha akanilaumu mimi bibi wa watu. Leo tunamkumbuka fundi plasta mmoja. Alikuwa mume, alikuwa baba, alikuwa shemeji wa watu. Na alikuwa mwembamba. Shikeni hapo hapo kwenye wembamba, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Tangu ujana wake mafundi wenzake walimwita Njiti. Njiti ya kiberiti. Akipita na karai la saruji wanamwambia, "Njiti, angalia upepo!" Akiegemea ukuta, "Njiti, usije ukatuwashia nyumba ya watu!" Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, mama mkwe alimtazama akauliza, "Huyu ndiye mwenyewe, au mwenyewe yuko nyuma yake?" Wote walicheka, naye akacheka. Mkewe anasema wakibaki wawili hakuwa akicheka.

Lakini mkono wake sasa! Ukipitisha kiganja kwenye ukuta aliopiga plasta, utadhani umegusa shavu la mtoto mchanga. Nyumba za watu aliziba kila ufa. Yake ilikuwa ya udongo, na nyufa za kuingiza kidole. Mkewe akilalamika anajibiwa, "Wiki ijayo, mama watoto." Wiki ijayo hiyo ilikuwa na umri wa kuanza shule.

Jioni akitoka kazini alivua shati, akakaa kwenye kigoda, akaegemeza mgongo kwenye ukuta ule ule. Mle nyufani mlikuwa na wapangaji. Usubi. Narudia kwa waliokuwa wanafukuza kuku: usubi. Ni mdudu mdogo kuliko mbu, wala hakupigii kelele sikioni. Mchana hujificha kwenye nyufa za kuta na kwenye vichuguu. Giza likianza kuingia, hutoka kutafuta damu. Usubi wengine hubeba vijidudu vya ugonjwa wa kalazari. Ukiumwa nao huanguki siku hiyo. Homa huja ikaenda, ikaja tena. Mwili hukonda. Na tumbo huvimba, kwa sababu ya bandama.

Tumbo huvimba. Hapo ndipo aibu inapoingia.

Maana tumbo la fundi lilipoanza kujitokeza kwenye ovaroli, hakuna aliyemwambia pole. Walimwambia hongera.

"Jamani, Njiti kaota kitambi!"

"Njiti gani tena? Huyo ni Bosi!"

"Bosi, tumbo lako limefika kazini, wewe mwenyewe uko wapi?"

Jina likanata. Bosi huku, Bosi kule. Wakati wa kupumzika mafundi wakampa ndoo ya kukalia, wao wakachuchumaa. Wanawake wakamuuliza mkewe, "Shoga, unampa nini huyo?" Naye anazungusha shingo, "Mambo ya jikoni kwangu unayatakia nini?"

Mkewe aliponisimulia hapo nilicheka. Mdomo wangu huu haukufundwa. Kisha nikamwona ameinamia mkeka, anauchambua ukindu kwa kucha. Nikaona haya.

Kwa sababu yeye alijua. "Bibi, nilijua," aliniambia. "Homa ilikuwa inamtikisa mpaka kitanda kinalia. Nikamwambia twende tukapime. Akasema, 'Mke wangu, maisha yangu yote nimekuwa Njiti. Sasa hivi watu wananipisha nikae. Ukinipeleka hospitali, utanirudisha nilikotoka.' Nikanyamaza. Na mimi nilikuwa nimeshaonja kuitwa mke wa Bosi. Ile ovaroli niliishona mwenyewe. Nilipunguza mabegani, nikaongeza tumboni. Nilipunguza tena, nikaongeza tena. Nilikuwa naushonea ugonjwa nafasi."

Kuna na shemeji, kaka wa mke. Huyu ni mtani, na tumbo lake mwenyewe linatangulia mlangoni. Siku moja fundi na mkewe walipomtembelea, akamdaka fundi mbele ya wageni wengine. "Shemeji, hiki kitambi kinazaa lini?" Akakipiga kofi. Fundi akajikunja, machozi yakamtoka. Watu wakavunjika mbavu: "Bosi ana mtekenyo!"

Shemeji alipoongea na mimi hakutania. Alisema, "Bibi, kilikuwa kigumu. Kitambi ni laini, mimi si ninacho? Nilijua pale pale kwamba kuna jambo. Lakini watu walikuwa wanacheka. Nikapiga tena."

Baadaye fundi aliishiwa nguvu kazini, mwiko mkononi, damu inamtoka puani. Mafundi wakakusanyika kumnyanyua Bosi. Mmoja alijikaza kama anayebeba mfuko wa saruji, nusura aanguke chali. Fundi alikuwa mwepesi. Mwepesi kuliko Njiti.

Hospitalini muuguzi alifungua ovaroli, akapapasa. "Hiki si kitambi. Ni bandama. Amekuwa na homa tangu lini?"

Mkewe akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Wasikilizaji, dawa ya kalazari ipo. Narudia: dawa ipo, na anayewahi hupona. Fundi wetu hakuwahi. Walianza kumtibu, lakini damu ilikuwa imemwishia mwilini. Alifariki matibabu yakiendelea.

Wageni wa msiba hawajaondoka, binti yake akashikwa na homa. Safari hii mama hakungoja kuambiwa na mtu. Alimbeba mgongoni, akapita katikati ya wageni bila kuaga. Kipimo kikasema kalazari. Binti akalazwa, akachomwa sindano, akapona.

Alipokuwa hospitali, mafundi walikuja na mchanga na saruji, wakapiga plasta ile nyumba ya udongo nje na ndani. Hawakupiga soga. "Walikwepa macho yangu," anasema mama, "na mimi nikakwepa yao."

Siku binti aliporudi, miguu kama ya korongo, walikuwa wanamalizia ukuta wa mwisho. Fundi mmoja alijisahau. "Karibu nyumbani, Njiti mdogo!"

Miko yote ikasimama ukutani. Yule fundi akatamani karai limfunike.

Mama akamshusha mtoto. "Mwiteni tu," akasema. "Njiti alikuwa mzima. Aliyetufia ni Bosi."

Tunakupa pole, mama. Pole, binti. Pole na wewe, shemeji, na mkono wako huo. Wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo akipita mtu aliyenenepa mahali pamoja na kukonda kwingine kote, umeze kwanza utani wako. Muulize homa imemshika tangu lini. Akikujibu kwa mzaha, usicheke. Muulize tena.

Sasa tunyamaze kidogo kwa ajili ya fundi. Wote. Hata mimi.